Mkono Usio na Kinyongo

Mlango wa Bibi wa Kilele haufunguliwi kwa mkono wenye kinyongo. Hilo ndilo lilikuwa sharti la mwenye ufunguo, wala hapakuwa na jingine. Awe mwanamke au mwanamume, awe amesoma au hajui alifu wala be, mradi asubuhi anapoutia ufunguo kwenye kufuli asiwe na mtu hata mmoja aliyemwekea jambo moyoni. Akiwa naye, ashuke kwanza akapatane naye, ndipo apande tena. Akishindwa, amkabidhi ufunguo mtu mwingine ambaye moyo wake ni mweupe. Na ufunguo ukishatoka mkononi mwake, haurudi.

Sharti gumu kuliko yote ni lile lisilo na mkaguzi. Kufuli la chuma halijui yaliyomo kifuani mwa anayelifungua. Lingefunguka kwa aliyemsamehe jirani yake, na lingefunguka vilevile kwa aliyelala usiku akipanga namna ya kumkomoa. Sharti hili lingeweza kuvunjwa kila asubuhi na wageni wa ziara wakaingia na kutoka bila kujua lolote. Mwanamke waliyemwita Bi Komeo alilitunza kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na hakuna aliyemlazimisha.

Bibi wa Kilele mwenyewe, aliyelala kaburini huko juu chini ya kitambaa cha kijani, alikuwa mjane aliyepanda mlima zamani na tasbihi yake na mtungi wa maji. Akajenga kibanda cha mawe, akakaa humo akimtaja Mola wake mpaka nywele zikawa nyeupe. Hakuandika kitabu wala hakukusanya wanafunzi. Waliompandia walimkuta anaswali au anafagia, na wengi walisema kwamba kabla hata hawajaeleza shida zao, mzigo ulikuwa umeanza kupungua uzito. Inasimuliwa kwamba mtu mmoja wa mjini alimzulia jambo baya, la kumvunjia mwanamke heshima yake, na maneno yakapanda mlima mpaka yakamfikia. Siku hiyo Bibi akatoka kibandani, akaufunga mlango kwa nje, akaketi kwenye jiwe. Mvua ikamnyeshea, jua likamchoma. Watu wakamsihi aingie ndani. Akajibu: "Nitaingiaje kumtaja Mwingi wa Rehema, na ulimi huu una uchungu?" Akakaa nje ya nyumba yake mwenyewe mpaka alipoweza kumwombea dua yule aliyemzulia, akaiomba kwa sauti mbele ya watu bila kutetemeka. Ndipo akafungua. Jiwe lile lipo mbele ya mlango mpaka leo, na hakuna anayelikalia.

Njia ya kupandia huanzia nyuma ya nyumba za mwisho za mji, inapita machimbo ya kokoto, inaingia msituni, kisha inatokea kwenye mwamba mtupu. Hapo watu wa kale walichonga ngazi, na nyayo za waliopita zimezichimba katikati mpaka kila moja imekuwa kama bakuli. Mvua ikinyesha zinajaa maji, na mtu anapanda akikanyaga mbingu. Wageni huanza safari wakipiga soga na kutaniana. Wakifika kwenye kona ya mwisho, ambapo ukungu hukatika ghafla na jengo jeupe likaonekana limesimama peke yake juu ya mwamba, hakuna anayewaambia wanyamaze. Wananyamaza. Hata mtoto mchanga, wanasema, hulegeza kilio hapo. Mlango ni mfupi kwa makusudi, na hakuna tajiri aliyewahi kuupita bila kuinama.

Bi Komeo alikuwa fundi cherehani. Chumba chake kilikuwa cha kwanza mtu anaposhuka kutoka mlimani: kitanda kimoja, kabati lenye kioo kilichopasuka pembeni, na cherehani ya kukanyaga kwa miguu iliyosogezwa dirishani ili apate mwanga. Alishona sare za shule, mapazia na foronya. Kitambaa cha kufunikia kaburi alikishona pia, na hicho alikishona mlango ukiwa umefungwa, akiwa ametawadha, bila redio. Ufunguo ulining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, mrefu kama kiganja chake pamoja na vidole, umefungwa kamba aliyoisokota mwenyewe.

Aliupokea kwa shangazi yake, siku magoti ya shangazi yalipoukataa mlima. Shangazi hakumfundisha dua wala namna ya kufukiza ubani; hayo, alisema, hata kasuku anaweza kujifunza. Alimwuliza jambo moja: alikuwa amemkasirikia nani? Akajibu, hakuna. Shangazi akamtazama, akauliza tena. Ndipo akakumbuka jirani aliyeazima sufuria yake akairudisha imetoboka. "Nenda kwanza," shangazi akasema. Akaenda, wakazungumza, wakacheka, akarudi akapewa ufunguo.

Tangu hapo mtaa mzima ulijua maana ya kuwa jirani wa mwenye ufunguo. Ukimkosea jioni, hulali ukaamka kwa raha zako. Kabla ya adhana ya alfajiri utasikia hodi mlangoni, na ukifungua utamkuta Bi Komeo na ushungi wake, amekuja kukusamehe. Watu waliuogopa msamaha wake kuliko hasira za wengine. Fundi baiskeli aliyemwaga maji machafu mbele ya chumba chake alisamehewa akiwa na mswaki mdomoni. Mwalimu wa chekechea aliyemwita mchawi wa mlimani alisamehewa mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alirudia tusi lenyewe. Marehemu mume wake, aliyekuwa fundi wa kupaka rangi, alipenda kuwaambia wenzake kwamba kuoa mwenye ufunguo ni neema: ukikosa, kabla jua halijatoka kesi imekwisha, ila na wewe usijaribu kununa, maana atakukalisha kitandani mpaka useme kinachokuuma, na usingizi utausikia kwenye bomba.

Watu walicheka, lakini walimheshimu. Na wengi walipanda mlima kwa sababu yake, kwa kuwa kila mtu alitamani kuona, walau mara moja, mlango unaofunguliwa na mtu asiyemdai mwenzake chochote moyoni.

Bi Komeo alikuwa na mama mzee na mdogo wake mmoja wa kike. Mama alikuwa amepooza upande mmoja, akalala kwa mdogo mtu, kwenye nyumba ya vyumba viwili nyuma ya mashine ya kusaga nafaka. Kutwa nzima mashine iliunguruma na kikombe cha maji kilitetemeka juu ya kigoda. Mdogo mtu ndiye aliyemgeuza mama, akamwosha, akamlisha uji kwa kijiko, akafua mashuka. Bi Komeo alikuja jioni, baada ya kufunga mlango wa mlimani na kumaliza mishono ya watu. Alileta mkate, aliketi ukingoni mwa kitanda, alimsugua mama miguu. Mama alifurahi kumwona kama mtu anavyomfurahia mgeni. Hilo mdogo mtu aliliona, na likamkaa moyoni.

Mwaka mmoja, mama alipozidiwa, mdogo mtu alimwomba dada yake aushushe ufunguo kwa muda, ampe mtu mwingine, waje kumtunza mama pamoja. Bi Komeo alijibu kwamba ufunguo ukitoka haurudi, na kwamba mlango ule si wake hata auache apendavyo. Jibu lilikuwa la kweli. Halikuwa la haki. Mtu anaweza kulilinda sharti la Mungu kwa uaminifu mkubwa na bado akalifanya pazia la kujifichia kazi asiyoitaka, na hapa hakuna sababu ya kumtetea. Mdogo mtu aligeuka. Aliingia ndani akambadilisha mama shuka.

Ikaja miezi ile baada ya mvua, njia inapokauka na watu wa mbali wanapopanda kwa makundi. Asubuhi moja Bi Komeo alifungua mlango kama kawaida, akafagia, akafukiza ubani, akawapokea wageni mpaka alasiri. Huko juu simu haishiki. Mwenye habari lazima ailete kwa miguu yake. Hakuna aliyeileta. Aliposhuka na kupita nyuma ya mashine ya kusaga, aliona watu wanashusha turubai na kupanga viti. Mashine ilikuwa kimya. Mwanamke mmoja akamshika mkono akampa pole, na kwa namna alivyoitoa pole ile, Bi Komeo akajua.

Mdogo wake alikuwa amesimama mlangoni, kanga ameifunga kiunoni.

"Mama yuko wapi?"

"Tumemzika adhuhuri."

"Bila mimi?"

"Ulikuwa na wageni, Dada."

Bi Komeo akaenda makaburini peke yake. Udongo ulikuwa bado unyevu na alama za majembe zilikuwa zinaonekana. Akasoma Fatiha, akarudi chumbani, akatundika ufunguo kwenye msumari, akakaa mbele ya cherehani asishone.

Majirani walimshauri asipande kesho yake, afiwaye hana kazi. Alipanda. Wageni waliolala chini ya mlima hawakuwa na kosa, na alidhani, kama alivyozoea, kwamba jambo lile lingeisha kabla hajafika juu. Alikuwa amewahi kupanda na hasira ya kila aina, akaiacha moja msituni, nyingine kwenye ngazi. Siku hiyo alifika kwenye kona ya mwisho nayo bado iko nzima. Watu walikuwa wamejaa mbele ya jengo, wamejifunika shuka na makoti, pumzi zao zikitoka kama moshi. Wakampisha. Akaenda mpaka mlangoni, akautoa ufunguo kifuani, akauinua.

Mkono ulisimama hewani.

Waliokuwa karibu walisimulia baadaye kwamba walidhani anaomba dua. Alikuwa anamtafuta mdogo wake moyoni mwake, na kila alipomkuta alimkuta amesimama mlangoni na kanga yake kiunoni, anasema: ulikuwa na wageni. Akauteremsha mkono, akageuka.

"Siwezi kufungua," akasema. "Nina kinyongo na ndugu yangu."

Minong'ono ikapita kama upepo kwenye majani makavu. Mwenyekiti wa kamati ya ziara akasogea. Huyu alikuwa mwenye duka la misumari na mabati, mtu mwema mwenye haraka, ambaye siku zote alihesabu msongamano wa watu na kuogopa mtu asije akaanguka mwambani. Akamnong'oneza kwamba kila mtu anajua yaliyompata, kwamba Mungu ni mwingi wa kusamehe, na kwamba umati ule hauwezi kuachwa kwenye baridi.

"Mlango ni mbao na chuma, Bi Komeo," akasema. "Moyo wako nani atauona?"

"Wewe hutauona, mwenyekiti. Ndiyo maana nakwambia."

Kisha akaja aliyemtikisa kuliko mwenyekiti. Alikuwa mwanamke kijana, mgongoni amembeba mtoto mkubwa asiyeweza kusimama, ametoka naye mbali kwa zamu ya gari na miguu. Hakulalamika. Alimwambia kwa sauti ya chini tu: afungue, na yeye atamwombea yeye na huyo ndugu yake. Bi Komeo akapiga magoti, akaishika miguu ya mtoto iliyokuwa baridi, akaifunika kwa ushungi wake. Hapo neno moja la uongo lingekuwa tamu kama asali, na lingefanana sana na huruma. Ndivyo uongo ulivyo. Hauji kwako umevaa pembe.

"Mwanangu," akamwambia, "mwombee hapahapa nje. Bibi mwenyewe alikaa nje, na alisikiwa."

Akashuka. Watu wakamtazama mpaka ukungu ukammeza.

Alimkuta mdogo wake uani, amelichovya blanketi la mama kwenye beseni kubwa, anajaribu kulikamua peke yake. Blanketi la sufu likilowa maji halikamuliwi na mtu mmoja. Unalishika huku, linaburuza udongo kule. Bi Komeo alikuwa ameyapanga maneno yake njiani. Akasema amekuja kumsamehe.

Mdogo mtu akaliacha blanketi. "Unisamehe mimi?" akasema, na sauti yake haikupanda. "Miaka yote hiyo nimemgeuza Mama mpaka mgongo wangu umejua saa za kumgeuza. Wewe ulikuja na mkate. Mama alikuwa anachanwa nywele kwa ajili yako, akiniuliza kama amependeza. Kwa ajili yangu hakuwahi kutaka kupendeza. Halafu unakuja unisamehe, kama fundi baiskeli."

Maneno aliyoyapanga Bi Komeo yakamtoka kichwani yote. Halafu, kwa kuwa hakujua la kufanya na mikono yake, akaiokota ncha ya blanketi iliyokuwa kwenye udongo, akaisuuza, akaishika. Mdogo mtu akashika ncha nyingine. Wakalisokota, huyu kulia na yule kushoto, maji yakamwagika katikati yao. Walilikamua, wakalikunjua, wakalikamua tena mpaka lilipoanza kudondosha tone moja moja.

"Nilimtuma mtu akuite," mdogo mtu akasema, macho yake kwenye blanketi. "Msukuma mkokoteni wa hapo mashineni. Alifika machimboni. Nikamfuata mbio nikamrudisha."

"Kwa nini?"

"Nilitaka siku moja tu Mama awe wangu."

Bi Komeo alisimama na ncha yake ya blanketi mkononi. Alikuwa anajua sasa kwamba hakusahauliwa, alizuiwa. Na alikuwa anajua pia, kwa uwazi uleule, kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeuwasha moto ule. Akaona mdogo wake ana haki nusu, na yeye ana haki nusu, na nusu mbili zile hazikufanya kitu kizima. Wakalianika blanketi kwenye kamba. Kisha mdogo mtu akasema, bila ubaya, kwa uchovu tu, "Haya, sema umenisamehe, ukafungue mlango wako."

"Siwezi kusema kitu ambacho hakipo," Bi Komeo akajibu. "Nimekusikia. Hilo ndilo lililopo."

Siku iliyofuata alipanda tena. Alidhani atakuta watu wameondoka wamechukia. Alikuta wameongezeka. Habari ilikuwa imeshuka mjini na kusambaa, kwamba mlango wa Bibi umefungwa kwa sababu mwenye ufunguo amekataa kusema uongo, na watu ambao hawakuwahi kupanda maishani mwao walikuwa wamepanda kuuona mlango uliofungwa. Walikuwa wamekaa mwamba mzima, mpaka kwenye ngazi. Yule mama na mtoto wake walikuwa mbele. Ukungu ulikuwa umetanda nyuma yao hata ikaonekana kama watu wale hawana mwisho, kwamba wanaendelea ndani ya weupe ule mpaka mahali pasipojulikana.

Bi Komeo akasimama kando ya jiwe la Bibi.

"Bado," akasema. "Nimejaribu, bado kipo. Mimi si mtu wa ufunguo huu tena. Ni nani hapa asiye na kinyongo na mtu yeyote? Aje auchukue."

Hakuna aliyekuja. Mwenyekiti alikuwa ameshapiga hatua moja, mguu ukabaki ulipo. Wazee wenye tasbihi wakaangalia tasbihi zao. Ukimya ulikuwa mkubwa kiasi kwamba maji yaliyokuwa yakidondoka kwenye ngazi yalisikika. Umati wote ule, watu waliokuwa wamepanda kuomba watoto, kuomba afya, kuomba kuolewa, ulikuwa unajitazama ndani kwa wakati mmoja, na Bi Komeo aliliona hilo likipita juu ya nyuso zao kama kivuli cha wingu kinavyopita juu ya shamba.

Kisha mwenyekiti akageuka. Akapenya katikati ya watu mpaka kwa fundi mwashi mmoja aliyekuwa amesimama nyuma, ambaye walikuwa hawajasalimiana tangu ukuta wa duka ulipopinda. Hakuna aliyesikia walichosema. Fundi alionekana akifuta macho kwa kofia. Mwanamke mmoja akamgeukia wifi yake waliyepanda naye njia nzima bila kusemezana. Baba mmoja akaanza kushuka mbio, akisema mwanawe yuko chini kwenye gari na amemkataza kupanda. Huku mtu anashika mkono, kule mtu anainamisha kichwa, na minong'ono ya nisamehe, nisamehe, ikaanza mbele ikaenda nyuma, ikashuka ngazi, ikaingia kwenye ukungu, na bado ilisikika. Bi Komeo alikuwa amefungua mlango ule miaka yote hiyo na hakuwahi kuona kitu kama hicho. Alijiona kama mtu aliyechota maji kisimani kila siku, halafu siku moja kisima kikapanda chenyewe.

Ndipo sauti ikatoka pembeni: "Huo ufunguo mtaushangaa mpaka lini? Chai yangu inapoa."

Alikuwa muuza chai wa chini ya mlima, waliyemwita Pilipili. Ulimi wake ulikuwa maarufu kuliko chai yake. Hakuna mtu katika mji ule ambaye hakuwahi kutukanwa naye, na wengine, siku wasipotukanwa, walirudi kesho yake wakidhani wamesahauliwa. Akajitokeza mbele na mikono yake yenye makovu ya birika, akasema yeye hana kinyongo na mtu. Watu wakaguna, na mmoja akamkumbusha kwamba jana tu alimwita kichwa maji.

"Nilikuita, nikamaliza," Pilipili akasema. "Chai si nilikupa? Mabaki ya tusi ningeyaweka wapi, na kibanda changu unakijua kilivyo kidogo?"

Kicheko kikapita, kidogo, kama watu walio msikitini. Bi Komeo akamtazama kwa muda mrefu, kama shangazi alivyomtazama yeye. Akamwuliza: alikuwa amemkasirikia nani? Pilipili akafikiri kweli, midomo ameibana. "Nilikukasirikia wewe," akasema, "kwa kuniletea watu wote hawa na mimi sina vikombe. Basi imeisha." Bi Komeo akaivua kamba shingoni, akamkabidhi.

Ufunguo ukazunguka kwenye kufuli. Mlango ukafunguka ukitoa mlio wake uleule wa zamani, na hewa ya ndani, yenye baridi ya mawe na harufu ya ubani wa miaka, ikawatokea watu usoni. Mama mwenye mtoto aliinama akaingia wa kwanza. Bi Komeo hakuingia. Alikaa chini, pembeni ya jiwe la Bibi, akajisikia mwepesi na mtupu kama nyumba iliyohamwa, na jua lilipoupasua ukungu alilipokea machoni bila kuyafumba.

Mengine yalichukua muda wake. Bi Komeo sasa hakuwa na mahali pa kwenda asubuhi, akawa anakwenda nyuma ya mashine ya kusaga. Hakwenda kusamehe wala kusamehewa, alikwenda kukaa. Walizipanga nguo za mama, nyingine wakazitoa sadaka. Walifumua godoro wakaichambua pamba upya. Walinuniana, wakanyamaziana, wakapikiana. Mchana mmoja mdogo mtu alikuwa anahangaika kutunga uzi kwenye sindano, macho yake yameanza kuchoka, na Bi Komeo akamnyang'anya akamtungia. Alipomrudishia akasita. Alikuwa ameligusa lile jambo moyoni kwa mazoea, kama mtu anavyoligusa kwa ulimi jino linalouma, na jino halikuuma.

"Limetoka," akasema.

"Nini?"

"Lile."

Mdogo mtu akafunga fundo la uzi. "Langu bado limebaki kidogo," akasema. "Ningoje." Wakacheka mpaka mashine ya kusaga ikashindwa kuwafunika.

Alimngoja. Lilipokwisha, walipanda mlima pamoja. Mdogo mtu hakuwahi kupanda hata mara moja. Mlima ule alikuwa ameuona kama mke mwenza wa mama yake. Alipanda polepole, mkono kiunoni, na walipofika kwenye kona ya mwisho akasimama. Kisha akamwuliza dada yake kama ni hivi kila siku, na Bi Komeo akamwambia ni hivi kila siku. Walipanga foleni kama watu wengine. Pilipili aliwaambia waache viatu nje na nyuso za matanga pia waziache nje. Wakainama, wakaingia. Ndani, mdogo mtu akapiga magoti kando ya kaburi, akaushika upindo wa kitambaa cha kijani, akapitisha kidole polepole juu ya mishono.

"Huu ni mkono wako, Dada," akasema. Akaulaza uso wake hapo.

Wako waliosema kwamba Bi Komeo arudishiwe ufunguo, kwa kuwa moyo wake sasa ulikuwa mweupe kuliko wa mtu yeyote mjini, na Pilipili mwenyewe alikuwa tayari kumpa. Alikataa. Sharti halikuwa na kifungu cha kurudi. Aliendelea kushona sare na mapazia, akapanda mlima kama mgeni kila alipoweza, na magoti yake yalipomkatalia alibaki chini akiutazama ukungu.

Kuushika ufunguo ule kulimgharimu maziko ya mama yake. Kusema kweli kulimgharimu ufunguo. Hakurudishiwa kimojawapo.